Jina la Tisa kwenye Orodha

Kazi bora niliyowahi kuandika ni ile iliyonipatia shahada, na sijaifungua tangu siku niliyoitetea mbele ya walimu. Watoto wangu huniomba niwaonyeshe. Nawaambia ilipotea tulipohama, nao huniamini, kwa sababu kwetu kila kitu kilipotea tulipohama. Ukweli ni kwamba iko chini ya sanduku la nguo, imefungwa ndani ya kitenge. Nimechoka kupongezwa kwa ajili yake, ndiyo maana nasema leo.

Kwetu Bujumbura, kutoka chuo kikuu kulikuwa na mlango mmoja tu, nao ni memwari. Ndivyo tulivyoiita, kwa Kifaransa kilichokwisha kuwa chetu, ile insha ndefu ya mwaka wa mwisho. Ungeweza kufaulu mitihani yote, ungeweza kuwa kipenzi cha walimu. Bila memwari iliyopigwa chapa, ikajalidiwa, ikagongwa muhuri na ikatetewa, wewe ulikuwa mtu aliyepitapita tu chuoni. Nasi wa miaka ya vita tulikuwa na haraka kuliko waliotutangulia. Chuo kilifungwa na kufunguliwa kama duka la mtu mgonjwa. Wanafunzi wengine walikwenda likizo wasirudi, na hatukuuliza. Baba yangu, fundi magari wa Buyenzi, alikuwa na lori la mteja uani, limekaa juu ya mawe tangu nchi jirani zilipotuwekea vikwazo. Hakukuwa na spea wala mafuta. Kila asubuhi alilifuta vumbi, kisha akanigeukia.

"We maliza," alisema. "Walau kitu kimoja mu hii nyumba kitembee."

Nilichagua kuandika juu ya Carama: jinsi watu wa kwanza walivyopata viwanja kule kaskazini, nani alimkatia nani, mpaka ulikuwa mti gani au mfereji gani, kabla jiji halijawafikia. Hakuna aliyekuwa ameyaandika hayo. Yalikuwa vichwani mwa wazee, na wazee wenyewe hawakuwapo tena Carama. Mapigano yalikuwa yamewasukuma. Wengine walijibanza Buterere, ndani ya vibanda vya turubai kando ya mashamba ya mpunga, ambako mvua ikinyesha maji huingia bila kupiga hodi. Nilikwenda huko asubuhi, siku ambazo njia ilikuwa wazi, na kurudi kabla ya saa nane. Nilikuwa na daftari, kalamu mbili, na kiherehere cha mtu anayedhani swali zuri linaweza kuulizwa popote.

Nilihoji watu tisa. Aliyenifungulia mlango kwa wengine alikuwa mzee mmoja fundi baiskeli, aliyebaki na pampu moja na spana mbili katika vyombo vyake vyote. Alichukua kijiti akanichorea Carama nzima kwenye tope: hapa kwa fulani, hapa kisima, hapa kiwanja changu, hapa ugomvi wa ng'ombe. Alikuwa anajua kila hatua. Mvua ya usiku ilipofuta mchoro, siku ya pili alinichorea tena, na vipimo vilikuwa vile vile. Nilikuwa nimepata dhahabu na nilijua nimepata dhahabu. Mwisho nikafungua ukurasa mpya, nikamwomba jina lake kamili na mwaka wake wa kuzaliwa.

Aliweka kijiti chini.

"Mwanangu, maneno nimekupa yote. Jina apana."

Nikamweleza kwamba ni karatasi ya shule tu, haitoki chuoni.

"Kile kiwanja changu, iko mutu anakaa mule sasa," alisema. "Alivunja mulango, akaingia na bibi yake. We unaenda kuandika: hii ni ya fulani, na fulani ni muzima, anakaa Buterere karibu na mufereji. Ule mutu akisoma, atafurahi?"

Nilijua kwamba hakuwa anamwogopa yule mvamizi peke yake. Watu wa umri wake walikuwa wameona, wangali vijana, majina yakisomwa kutoka kwenye karatasi na wenye majina wakipandishwa malorini. Kwao orodha haikuwa na aina mbili. Nikafunga daftari, nikamwapia kwa Mungu kwamba jina lake halitaandikwa popote, wala la mwingine yeyote miongoni mwa wale tisa. Walinipa maneno yao kwa ajili ya kiapo hicho. Nataka jambo hili lieleweke, kwa sababu yote niliyoyafanya baadaye niliyafanya nikidhani nalinda kiapo.

Msimamizi wangu alikuwa profesa wa historia aliyekaa Kinindo, katika nyumba tulivu yenye maua ya ukutani na gari lililofunikwa turubai. Kwa kuwa chuo hakikutabirika, sura za memwari nilimpelekea nyumbani siku za Jumamosi, kwa miguu kutoka Buyenzi, karatasi zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki nilioufunga chini ya kanga. Alikuwa mtu wa haki na mwenye kuchosha. Sura ya kwanza alinirudishia mara nne. Mara ya kwanza aliandika pembeni, "Unaimba." Mara ya pili, "Bado unaimba." Mara ya tatu alikata kurasa sita nilizokuwa nazipenda kuliko zote, na mara ya nne hakuandika kitu, ndipo nikajua imekubalika.

Ni yeye aliyenifundisha kuandika, sitamnyima hilo. Alinifundisha kwamba hoja huwekwa mbele, mtu asiitafute kama mbuzi aliyekata kamba. Alinifundisha kutosema "inajulikana kwamba," kwa sababu swali la kwanza la msomaji mwenye akili ni: inajulikana na nani? "Kila sentensi iwe na mtu nyuma yake," alizoea kusema, kwa Kifaransa chake cha polepole. "Nikiivuta sentensi, mtu atoke." Nilirudi nyumbani nikazivuta sentensi zangu moja moja. Zisizokuwa na mtu nilizifuta. Kufikia mwisho wa kiangazi nilikuwa na memwari ambayo hata mimi, ambaye sijipendi kirahisi, niliiona ni nzuri.

Kisha akaniuliza orodha iko wapi.

Katika fani yetu, memwari inayotegemea masimulizi ya watu hufungwa kwa kiambatisho: orodha ya waliohojiwa. Jina kamili, umri, kazi, mahali alipohojiwa, mwezi. Nikamweleza kiapo changu. Nikapendekeza herufi za kwanza tu, au "mzee wa kwanza, mzee wa pili." Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Mwaka jana kuna mwanafunzi aliyewabuni wazee wake," alisema. "Jopo lilimgundua, akafukuzwa, na msimamizi wake akaaibishwa. Bila orodha, kazi yako ni tetesi zilizoandikwa vizuri. Mimi sitatia sahihi kwenye tetesi." Kisha akaongeza kwa upole, "Nani atakwenda maktaba kusoma kiambatisho, binti yangu? Wakati huu?"

Nilitembea kutoka Kinindo hadi Buyenzi nikiwa na hasira naye, na hasira na wazee, na hasira zaidi na mimi mwenyewe niliyeapa kirahisi. Siku ya mwisho ya kukabidhi ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa sita mchana. Baada ya hapo hakuna aliyejua kama chuo kingekuwa wazi mwezi ujao. Nikiwataja wazee, nimewauza. Nisipowataja, sina shahada, na lori la baba limebaki kuwa kitu pekee cha kufutwa vumbi pale nyumbani.

Wazo lilinijia nikiwa matangani, mtaa wa pili kutoka kwetu, kwa mzee aliyekufa kwa ugonjwa wake kitandani, jambo lililokuwa karibu fahari kwa miaka ile. Watu walikuwa wakisema alivyokuwa, alikotoka, alivyojenga. Nikafikiri: huyu ni mzee wa kweli, jina la kweli, umri wa kweli. Nani atambishia mlango sasa? Marehemu hana kiwanja. Marehemu hachukuliwi.

Basi nikawapa watu wangu tisa majina ya wafu. Sikuwabuni, na nilijisifu kwa hilo, maana nilidhani kosa la yule aliyefukuzwa lilikuwa kubuni. Niliwachukua mmoja mmoja kwa heshima, kama anayeazima kanzu: ndugu wa babu yangu, mwadhini wa zamani, mama mmoja aliyekuwa akiuza chumvi sokoni, na wengine ambao nilikuwa nimekaa matanga yao. Wanane walinitosha bila taabu. Wa tisa alinisumbua. Mtu wangu wa tisa hakuwa mzee, alikuwa wa miaka arobaini na kitu, mtoto wa mmoja wa watu wa mwanzo wa Carama. Maneno yake yalikuwa ya mtu aliyeyaona akiwa mtoto. Nilihitaji marehemu wa umri huo.

Juu ya kabati letu kulikuwa na redio. Nyuma yake palikuwa na kikaratasi kilichobandikwa na fundi aliyeitengeneza, mtu wa mtaa wetu, makini, ambaye kila alichokitengeneza alikiandikia jina lake kamili kwa herufi za kuchapa. Alikuwa ametoka asubuhi moja mwaka uliotangulia kwenda kaskazini kufuata redio za wateja, na hakurudi. Mke wake alichukua watoto akaenda kwao Uvira, ng'ambo ya mpaka. Mtaani tulikwisha kuzoea kusema "marehemu fundi." Nikalinakili jina. Na kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kwamba orodha nzuri ni ile yenye kusadikika, nikaongeza na kazi yake: fundi redio. Umri, arobaini na tatu. Alihojiwa Buterere, mwezi wa tatu.

Memwari yangu ilipigwa chapa na mama mmoja mwenye chumba cha mashine karibu na soko kuu. Sisi tulimwita daktilo, kama tulivyowaita wapiga chapa wote, lakini huyu alikuwa daktilo wa madaktilo. Alikuwa na taipureta ya zamani isiyohitaji umeme, na katika miaka ile ya umeme kukatika hicho kilikuwa cheo. Hakukosea. Alipiga nakala tano kwa karatasi za kaboni, na ya tano ilisomeka kama ya kwanza. Akikuta Kifaransa chako kimepinda alikinyoosha bila kukuambia. Alikuwa anakaa Bwiza na mama yake mzee. Tuliongea kidogo kila nilipopeleka sura. Siku moja alisema nyumbani kwao kuna mtu wao ambaye hawajui alipo, na mama hataki kula. Nikasema pole, mama. Kisha nikamwonyesha mahali ambapo namba za kurasa zilirukwa. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake. Sikuuliza jina, na hata jina la daktilo mwenyewe nisingeliona linafanana na lolote nililoliandika. Kwetu Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Watoto wa tumbo moja wanaweza kukaa foleni moja na karani asijue ni ndugu.

Kiambatisho nilimpelekea mwisho kabisa, Alhamisi jioni. Ijumaa saa nne asubuhi nilikwenda kuchukua kazi yangu. Nilikuta nakala zote tano zimepangwa mezani, kingo zimelingana, jalada la kijani likiwa tayari kwa gundi. Daktilo alikuwa amekaa mbele ya mashine na mikono mapajani. Karatasi nyeupe ilikuwa imeingizwa, haijapigwa herufi hata moja.

"Mudogo wangu," alisema, "ile page ya mwisho sijaipiga bado. Nilikuwa nakungoja."

Nikamwuliza kama mwandiko wangu haukusomeka.

"Unasomeka." Aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa karatasi yangu. "Uyu mutu, ulimuona wapi?"

Nilijua kabla hajaendelea. Nikauliza kwa nini.

"Uyu ni kaka yangu. Tumezaliwa naye mama mumoja, baba mumoja. Tumemutafuta mwaka na miezi. Mama alikuwa amekubali juzi, kwa shida sana, tumusomee hitima kama marehemu. Juma lijalo. Sheikh tumeshamuambia." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ile ya kuniuliza nafasi za pembeni ziwe ngapi. "We umeandika umeongea naye mwezi wa tatu."

Kulikuwa na saa ukutani. Saa nne na dakika ishirini. Ilibaki kupiga ukurasa, kujalidi, kupanda hadi chuo na kukabidhi kabla ya karani hajafunga dirisha lake. Nyuma yangu walikuwa wamekaa wanafunzi wawili wakingoja zamu, na mmoja nilimfahamu kwa sura, alikuwa akimsaidia mwalimu mmoja wa jopo langu. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: samahani, mama, si kweli, niliazima jina. Sentensi hiyo ingesikika chumba kizima. Mdomo huponza kichwa, nilijiambia, kana kwamba kichwa kilichokuwa hatarini ni changu.

"Buterere," nilisema. "Kwenye mashamba ya mpunga."

"Alikuwa na nani?"

"Na wengine. Wengi."

"Amekonda?"

"Kidogo."

"Mbona hakurudi nyumbani?"

"Njia," nilisema. "Alisema anaogopa njia."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kwa sababu hilo liliingia akilini; nani hakuogopa njia? Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ile yangu nilikuwa nimeitandika hatua nne bila hata kuvuta pumzi. Kisha akajiweka sawa kwenye kiti, akapiga ukurasa wa mwisho. Nilimtazama. Alipofika jina la tisa hakupunguza wala hakuongeza mwendo, na hakukosea herufi.

Nilikabidhi ikiwa imebaki robo saa. Karani aligonga muhuri nakala moja moja, ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kama ilivyokuwa desturi yao, ili mtu asije akachomoa au kuchomeka karatasi. Nilipotoka nje mikono ilinuka gundi. Nilitaka kulia na sikulia, kwa sababu wenzangu walikuwa wakinipa mikono.

Wiki sita baadaye niliitetea. Mwalimu mkali kuliko wote wa jopo aliisifia orodha. Alisema katika hali tuliyokuwa nayo, mwanafunzi wa kike kwenda mwenyewe hadi Buterere na kuwarekodi watu kwa majina na kazi zao ni mfano wa ujasiri wa kitaaluma. Msimamizi wangu aliinamisha kichwa, sijui kwa fahari au kwa nini. Sikuwahi kumwuliza kama alishuku. Walinipa distinction, alama za juu. Nyumbani baba alifungua mlango wa lori, akakaa kwenye kiti cha dereva, akapiga honi mpaka betri ikafa. Mama alipika pilau kwa mchele uliotafutwa mitaa mitatu. Nilikula, nikatapika, wakasema ni furaha.

Nilikuwa nimejiahidi kumwendea daktilo mara tu baada ya kutetea. Sikwenda. Wiki ikapita, halafu mwezi. Nilipitia njia ya mbali ili nisikaribie soko. Kama kuna jambo nililojifunza juu ya nafsi yangu ni kwamba woga wangu ni mvumilivu sana. Ninaweza kuahirisha jambo hadi likaoza, na bado nikaliita jambo la kesho.

Nilichokuja kukisikia, nilikisikia kwa mwanafunzi mwingine aliyelalamika kwamba siku hizi chumba cha mashine hufungwa Jumanne na Alhamisi. Daktilo, alisema, siku hizo huenda Buterere. Wakati mwingine huvuka hadi Carama kwenyewe. Alishazuiwa na askari mara mbili, na mara moja alilala kifudifudi kwenye mtaro wa mpunga saa nzima risasi zikipita, akarudi na matope mpaka kwenye nywele, na kesho yake akapiga chapa kama kawaida. Mwanafunzi yule aliyasema hayo huku akicheka kidogo, kama tulivyokuwa tukicheka wakati ule. Siku ile ile nilikwenda Bwiza.

Ilikuwa alasiri. Alinikaribisha ndani, akanipa kiti, akataka kuweka maji ya chai na nikakataa. Mama yake alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma ya pazia. Nikasema yote, kwa sauti ya chini, bila kupamba: kiapo cha wazee, orodha, majina ya marehemu, kikaratasi cha nyuma ya redio. Nikasema sikumwona kaka yake. Nikasema sijapata kumwona tangu siku alipotoka mtaani kwetu. Nikasema ile Ijumaa nilidanganya kwa sababu ya shahada. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilikuwa nimejitayarisha hata kwa kofi, na ningelipokea kwa shukrani.

Alinisikiliza kama alivyokuwa akisoma rasimu, macho yakifuata. Nilipomaliza aliinuka, akatoa kwenye mkoba wake mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fotokopi ya ukurasa wangu wa mwisho. Alikuwa amekwenda chuoni kuiomba, na muhuri ulionekana vizuri, mviringo mzima.

"Ni nani amekutuma uje kusema hivi?" aliniuliza.

"Hakuna mtu, mama."

"Wamekutisha?"

"Apana. Nakuambia kweli. Ile karatasi ni ya uongo."

"Mudogo wangu." Alikuwa na huruma nami, na ndiyo iliyonimaliza. "Mi napiga memwari za wanafunzi toka we hujaanza shule. Ya uongo naijua, naisikia mu vidole. Ya kwako haikuwa na uongo. Ma-profesa watatu wameisoma, wamekupa distinksiyo. Leta, serikali yenyewe, wameweka muhuri. Sasa we mumoja unakuja kuniambia apana?" Aliikunja tena karatasi kwa mikunjo yake ile ile. "Naelewa. Kuna mambo mutu hawezi kuongea. Hakuna shida. Mi sitasema kama ni we uliniambia."

Nikamshika mkono. Nikamwomba asiende tena Buterere, nikamwomba wasome hitima, nikamwapia kwa Mungu yule yule niliyewaapia wazee. Kila neno nililoongeza lilimthibitishia kwamba kuna watu wanaonitisha. Nilikuwa nimeiandika vizuri mno. Hakukuwa na sentensi niliyoweza kuisema chumbani mle yenye nguvu kuliko ule mstari mmoja, wenye jina, umri, kazi, mahali na mwezi.

Pazia likasogea. Mama yake alikuwa ameamka, mwanamke mwembamba mwenye macho meupe ya ukungu, akijishika ukutani.

"Ndiye uyu?" aliuliza. "Ndiye alimuona?"

"Ndiye, mama," binti yake alijibu.

Alipapasa hewa hadi akanipata bega, kisha akakaa karibu nami, akachukua mkono wangu akauweka katikati ya mikono yake miwili. Ilikuwa mikavu na ya moto. Alisema hataki kujua ya vita wala ya njia. Alikuwa na neno moja tu la kuniuliza, na hajapata wa kumwuliza.

"Siku ile ulimuona," alisema, "alikuwa amekula?"

Nilimtazama binti yake. Naye alikuwa akinitazama, ametulia, karatasi iko mapajani.

"Ndiyo, bibi," nilisema. "Wali na ndagala."

Akanishukuru. Kisha akaniuliza ni nani anayempikia.